Kwa mnaoanza kuongoza mazoezi ya kumbukumbu kwa wazee, Ujiji

Kosa la kwanza la mhudumu mpya ni kugeuza mazoezi kuwa mtihani. Unamuuliza bibi mbele ya wenzake, "Juzi tuliongea nini?" Anakosa, anaona haya, wiki ijayo haji. Mzee ambaye usahaulifu wake bado ni mdogo anajua fika kwamba anasahau.

Kabla ya yote kagua dawa anazotumia. Piritoni ya kila usiku au amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva) huvuruga kumbukumbu, na zoezi lako halitashindana nazo. Mpeleke zahanati, usimwachishe wewe. Kagua masikio pia, maana asichokisikia hawezi kukikumbuka.

Kwa mtu mmoja mmoja, chagua jambo moja analolihitaji kweli: "Dawa ya presha iko kwenye kikapu chekundu." Mwambie, muulize papo hapo, kisha baada ya sekunde 15, 30, dakika 1, 2, 4, 8. Katikati pigeni soga. Akikwama usimwache abahatishe: mpe jibu, alitamke, kisha rudi kwenye muda wa mwisho aliopatia. Kosa likishatamkwa nalo hunasa, na kesho ndilo litakalomjia.

Kikundi kiwe cha watu 5 hadi 8, dakika 45, mara 2 kwa wiki. Mpango wa vikundi kama hivi, wa vipindi 14, uliotungwa Uingereza kwa wenye dimensia (maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) hafifu hadi ya kati umeshafanyiwa marekebisho wilayani Hai, Kilimanjaro, nasi huku tuna vya kwetu vya kuzungumzia: mawese, nyavu, embe. Uliza maoni, si kumbukumbu. "Mgebuka na dagaa, kipi kitamu?" haina jibu la kukosa, na mabishano yake hayaishi! Usitegemee kusoma; wengine hawakupita shule.

Bao ni zuri, kete 64 na mashimo 32 si mchezo. Ila usiwaahidi kwamba litarudisha majina ya wajukuu. Utafiti wa ACTIVE wa Marekani, wenye wazee 2,802, ulionyesha kwamba waliofunzwa kumbukumbu walipanda kwenye kumbukumbu, si kwenye kasi ya kufikiri. Anachofundishwa mtu ndicho kinachokua.

Nyumbani ndiko kazi inakoharibikia. Mkwe anasema "kile kikapu cha kule", mjukuu kakihamishia uvunguni. Waelekeze wote watumie maneno yaleyale, na kikapu kisiondoke mahali pake.