Dada wa Nkuhungu, hizo ARV usiziache

Umeuliza ule nini, utajifungua kawaida au kwa op, na kama unaweza kupumzisha ARV, hizo dawa za VVU, mpaka mtoto azaliwe maana zinakutapisha. Hilo la mwisho limenifanya niache ugali wangu upoe. Hapana. HAPANA.

Mimi nilipumzisha. Mimba ya miezi mitano kama wewe, halafu mama mmoja muuza mizizi akaniambia vidonge vinamkausha mtoto tumboni, ninywe dawa yake ya kusafisha damu. Alichosafisha ni pochi yangu! Mpaka leo tukikutana soko la Majengo ananiita "mwanangu", anauliza mjukuu hajambo. Hana haya yule mwanamke.

Na CTC, kliniki ya wenye VVU, walikuwa wameshaniambia virusi vimefubaa. Nilipoacha vikarudi kimya kimya, mwili haukusema kitu. Nikanawiri, wifi zangu wakanisifia. Mtoto kazaliwa na kilo zake nzuri tu, akapewa nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga, wiki ya sita wakamchoma kisigino, matone ya damu kwenye karatasi ya DBS, ya kumpima VVU. Majibu yakarudi anayo.

Sasa yuko darasa la pili, kwa mbio hawamwezi. Kila jioni anauliza, mama, hivi vidonge vya nini? Nikamwambia vya mafua. Juzi kanijibu, "mbona sina kamasi?" Nikacheka, ningefanyaje.

Bila dawa, mtoto anaweza kuambukizwa tumboni, kwenye uchungu au kwenye ziwa, asilimia 15 mpaka 45. Mama akimeza vizuri inashuka chini ya 5. Kwa hiyo usilale hujameza, hata siku moja, na ukishajifungua uendelee, maana unanyonyesha. Wanaokushauri uache hawatakuwepo siku ya majibu.

Kutapika kunatibika, mwambie nesi. FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, na hizo ARV usivimeze pamoja tumbo likiwa tupu, kula kwanza. Na kama shida ni kopo la vidonge kulia kama manyanga ukwe wote usikie, lisokotee khanga ulizamishe kwenye ndoo ya unga. Langu lilikaa humo, mama mkwe anachota unga kila siku na hajawahi kuligusa.

Chakula kula, hata mlenda. Mengine mtaongea na nesi, na uende kesho asubuhi, usisubiri tarehe ya kwenye kadi.