Kwa wadogo zangu wa sauti na picha, kabla ya balansi ya kesho

Wadogo zangu, juzi nilikaa nyuma ya regi, pale panapoongozwa sauti na picha, nikiangalia balansi yenu, yaani majaribio ya kabla ya onyesho, hapa Lubumbashi. Masikio mnayo, na moyo mnao, ndiyo maana nashindwa kunyamaza. Makosa niliyoyaona ni yale yale tuliyoyafanya sisi, hadi mpangilio wake.

1. Umeme kwanza. Kadi ya sauti, mikisa na projekta vichomekwe kwenye laini moja, la sivyo ule mngurumo wa hezi 50 utawafuata mpaka mwisho. Atakayekata waya wa ardhi ili kuuondoa, nitamtoa ukumbini mimi mwenyewe: mngurumo hauui, umeme unaua. Tena kompyuta ina betri, projekta haina. Umeme ukikatika, taa ya projekta inataka kupoa dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena, kwa hiyo wekeni tayari kipande cha sauti cha kujaza giza hilo. Nimewahi kuona watu wakikaa kimya gizani wakisikiliza vizuri kuliko walivyosikiliza picha zikiwepo.

2. Mafaili yote ya sauti yawe ya kilohezi 48, yaani vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde. Faili la 44.1 likisomwa kama la 48 linakimbia kwa karibu asilimia 9, sauti inapanda, picha inabaki njiani. Mmoja wenu alihangaika na jambo hilo saa nzima, akiilaumu programu.

3. Besi msiipime mkiwa regi. Nendeni mkasimame mstari wa mwisho, chini ya mabati, msikie yanavyotetemeka.

4. Sauti za watu. Mmoja wenu alicheza sauti alizorekodi soko la Kenya, ule mtaa wa hapa mjini, na katikati kuna mama anacheka, kicheko kizuri ajabu. Nikauliza, huyu ni nani? Akajibu, akiniita mkubwa wake, "Yaya, ni sampuli tu." Usiku huo sikulala.

Miaka iliyopita nilimrekodi mzee mmoja, jirani ya mjomba wangu, aliyefanya kazi kwenye tanuri za shaba chini ya lile bomba la moshi ambalo kila mtoto wa mji huu analichora. Alinipa alasiri mbili. Alinieleza jinsi walivyojua kwa sikio kwamba tanuri limeiva, kisha akauiga mlio wake kwa mdomo, mashavu yakitetemeka. Akataja wenzake waliokufa, jina kwa jina, polepole, ili mashine ishike vizuri.

Mimi nilichotaka ni ule mkwaruzo wa koo lake tu. Nikaikatakata sauti yake vipande vya milisekunde 40, nikavitawanya, nikavipandanisha. Mtu anayesema taratibu, silabi yake moja inachukua milisekunde 200 hivi. Kwa hiyo katika kazi yangu yote halikubaki neno hata moja, wala jina. Juu yake nikaweka picha za terili, kile kilima cha mabaki ya tanuri, zikiwaka na kuzima kwa kufuata sauti. Kisha, kwa kuwa kadi ya memori ilikuwa imejaa, nikafuta rekodi yenyewe. Niliona kazi imekwisha.

Nilimwalika. Alikuja na koti la Jumapili, pamoja na mke wake na wajukuu wawili, wakaketi mbele kabisa. Dakika 35. Kutoka regi nilikuwa namwona: kila sauti ilipotulia kidogo, aliinua kichwa kama mtu anayengoja kuitwa. Watu walipiga makofi wamesimama. Yeye alikuja, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili: "Mutoto yangu, sasa miye, nilikuwa wapi mule?"

Nikaanza kumweleza habari za chembe za sauti. Niliongea sana. Mke wake alikuwa anamfunga vifungo vya koti, na yeye akaitikia tu, "Ndiyo, ndiyo." Halafu mjukuu mkubwa akaniomba ile rekodi, ya babu akisema.

Nilirudi kwake baada ya wiki mbili na mkate na sukari, nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alikubali kusema upya, na nusu ya majina hayakumjia. Mlio wa tanuri hakuuiga tena.

Sisemi msikate sauti. Halim El-Dabh wa Misri alirekodi wanawake kwenye ngoma ya pepo huko Cairo mwaka 1944, kwa mashine ya waya, akazichuja sauti zao hadi ukabaki mwangwi wake tu. Ilikuwa miaka 4 kabla Mfaransa Pierre Schaeffer hajatumia milio ya treni kule Paris. Hiyo ndiyo kazi yetu na naipenda. Lakini rekodi nzima iwekwe mahali pawili, jina la mtu liandikwe kwenye faili siku ile ile, na mwenye sauti asikilizishwe nyumbani kwake kabla ya ukumbi wote. Na mahali fulani ndani ya kazi, aachwe aseme sentensi yake moja mpaka mwisho.

5. Kipwa, majira haya ya ukame, kina upepo: ivalisheni mikrofoni soksi nene.

Balansi ni kesho saa 8 mchana. Wewe wa soko la Kenya, pita sokoni asubuhi na kompyuta na visikilizio, umtafute mama yule. Kiti cha mbele, upande wa kushoto, nimeshakiwekea karatasi; jina lake utaliandika wewe.