Usiku unalipa, ila nani anaamua?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Je, uvuvi wa usiku Ziwa Tanganyika bado unamlipa kijana?" Nimelisoma nikiwa nimekaa juu ya rundo la nyavu hapa Kibirizi, mwambao wa Kigoma, sindano ya kushonea ikiwa mkononi, na jibu lililonijia kwanza lilikuwa hapana. Mwanangu mkubwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Tangu atoke kwenye mtihani wa mwisho wimbo wake ni mmoja: baba, giza hili la mwezi kutoonekana niruhusu niende na kipe cha mjomba, yaani mitumbwi yake miwili ya kuvulia iliyofungwa pamoja. Nimemkatalia zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho hatukuzungumza hadi jioni. Kwa hiyo swali lenu limenikuta na kidonda kibichi.

Mmeuliza habari za malipo. Hesabu hizo kila mtu wa mwambao huu anazijua. Mwezi ukijaa hakuna kazi, kwa sababu samaki hana haja na taa yako wakati mbingu nzima inang'aa, na vipe vinalala ufukweni karibu wiki nzima. Giza likirudi mnatoka kabla ya jua kuzama na kurudi alfajiri. Petroli inakatwa kwanza, na siku hizi gharama ya betri za taa pia. Kinachobaki, kwetu sisi, tajiri, yaani mwenye chombo, anachukua nusu na mliokuwa majini mnagawana nusu nyingine. Usiku mbaya unarudi na dagaa wa kujaza ndoo chache na deni la mafuta. Usiku mzuri unaezeka nyumba. Hakuna siri hapo. Mimi nataka kujibu jambo lingine ambalo hamkuliuliza: huko gizani, nani anaamua?

Kwa wasomaji walio mbali na ziwa, nieleze kwa ufupi kwa nini kazi hii ni ya usiku. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, lakini maji ya huko chini hayana hewa ya kumtosha samaki. Uhai wote uko katika tabaka la juu. Mchana dagaa wanazama kukimbia mwanga na wanaowawinda. Jua likitua, vidudu vidogo vya majini vinapanda, dagaa wanavifuata, na mgebuka anawafuata dagaa. Mgebuka ni wa ukoo mmoja na sangara, ila mwembamba, ana rangi ya fedha, na ana mbio. Ukitundika taa juu ya maji, msururu wote huo unakuja wenyewe chini ya miguu yako. Babu zetu waliwasha kuni kavu kwenye mtumbwi na kuchota kwa lusenga, wavu wa mkono wenye mpini. Baadaye zikaja karabai, taa za mafuta ya taa zenye pampu, na katika miaka ya 1950 mitumbwi ikaanza kufungwa miwili miwili kwa boriti, wavu ukashushwa katikati na kuinuliwa kwa kamba. Sasa taa ni za sola na betri, lakini kazi ni ile ile.

Mimi nilikuwa mtu wa taa, enzi za karabai. Kazi ya mtu wa taa inadharauliwa na wasioijua. Unapampu, unasikiliza. Karabai inayowaka vizuri ina mvumo wake mmoja, hauyumbi. Ukisikia umeanza kukohoa, ujue presha imeshuka au tundu limeziba, na una dakika chache kabla samaki waliokusanyika hawajatawanyika. Kile kifuko cheupe kinachotoa mwanga, kikishawaka mara ya kwanza kinakuwa jivu tupu, na mdudu mmoja akigonga kinapasuka. Na wadudu wa ziwani hawaji mmoja. Wanajaa kwenye nyusi, kwenye chai, masikioni. Tone la mvua likiangukia kioo chenye moto, kioo kinakwenda. Kwa hiyo unakaa umeinama juu ya taa zako usiku kucha, mgongo ukielekea upepo, uso unaungua na mgongo unaganda.

Usiku ninaotaka kuueleza ulikuwa mwishoni mwa Agosti, kusi, upepo wa kusini, ikikaribia kuisha. Walio huku wanajua kuwa kusi inapokaribia kuisha ndipo inapodanganya. Inatulia siku mbili tatu, maji yanakuwa bapa, watu wanasema imekwisha. Tulitoka Kibirizi tukaelekea kaskazini, tukaipita milima ya Gombe ikiwa bado inaonekana, tukasimama mbele ya kijiji cha Mwamgongo, mbali kidogo na ufuko. Giza lilikuwa nene. Huku na kule taa za vipe vingine zilikuwa zimetapakaa hadi upande wa Burundi.

Mtego wa kwanza ulikuwa mwepesi. Tuliinua wavu ukiwa na dagaa wachache na majani. Mtoto wa tajiri alikuwa nasi usiku ule, kijana mwema tu, ila alikuwa ameagizwa na baba yake ahesabu madumu ya petroli, na akaanza kusema turudi tusichome mafuta bure. Nahodha wetu, mzee wa Mwamgongo kwa kuzaliwa, hakumjibu. Alikaa ukingoni akitazama maji yaliyokuwa chini ya taa. Alikuwa na tabia ya kushika maji kwa kiganja, anayashika na kuyaachia, kisha ananusa vidole. Sijui alikuwa ananusa nini, na sikuwahi kumuuliza. Akasema tushushe tena, na safari hii kamba iachiwe hadi alama ya mwisho.

Tukashusha. Tukangoja. Saa nane dagaa walikuwa wamepanda, unawaona wakizunguka kwa upande mmoja, kundi zima, pembezoni mwa mwanga. Wenzangu wakashika kamba. Nahodha akainua mkono: bado. Dagaa wakaongezeka hadi maji yakawa meupe. Bado. Mtoto wa tajiri akauliza anangoja nini. Halafu, ghafla, dagaa wakaanza kuruka. Walikuwa wanatoka nje ya maji kabisa, wanadondoka ndani ya mitumbwi, wanagonga vioo vya karabai, sauti yake kama mvua ya mawe juu ya bati. Hapo nikaelewa. Chini yao walikuwa wamefika mgebuka.

Nahodha akaniambia nizime taa za pembeni, moja moja, nisiharakishe. Nilizima ya kushoto, nikahesabu pumzi, nikazima ya kulia. Kila taa iliyozima, kundi lilisogea na kujibana chini ya iliyobaki. Ilipobaki karabai moja ya katikati, akasema, "Vuta." Kamba ililoa na ilikuwa nzito tangu mwanzo. Tulivuta kwa kupokezana mdundo, bila wimbo, kwa kuwa nahodha wetu hakupenda kelele wakati wa kuinua. Viganja vyangu vilichanika na sikuhisi hadi asubuhi. Wavu ulipofika karibu na uso wa maji, mwanga wa karabai uliwapiga mgebuka ubavuni na wote wakageuka kwa pamoja. Sijawahi kuona kitu hicho tena, na nimeona mengi ziwani. Mtu mzima mwenzangu aliyekuwa upande wa pili alikuwa analia huku anavuta. Alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani.

Tulichota kwa ndoo hadi mitumbwi yote miwili ikashuka. Maji yalibaki chini ya ukingo kwa kiasi cha shibiri.

Ndipo kusi iliporudi. Haikubisha hodi. Kwanza taa za wenzetu wa kusini zikaanza kupanda na kushuka, kisha tukahisi baridi usoni, kisha wimbi la kwanza likamwaga maji juu ya samaki. Nyumbani, Kibirizi, ni kusini, maana yake ni kwenda uso kwa uso na upepo huku mmejaza. Nahodha alitazama mara moja tu. Akasema, "Mwageni."

Mtoto wa tajiri akasema hapana, baba atauliza. Nahodha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, baba yako ataniuliza mimi." Tukamwaga. Mimi mwenyewe, kwa ndoo ile ile niliyokuwa nimechotea, nilirudisha ziwani dagaa na mgebuka waliokwisha kufa, ndoo baada ya ndoo, na yule mwenzangu mwenye mtoto mgonjwa alimwaga pia, hakusema neno. Karibu nusu ya mali. Mitumbwi ikainuka. Akageuza kipe, akaupa upepo mgongo, tukaingia ufuko wa Mwamgongo kabla ya kucha, tumeloa, hakuna aliyeumia. Akina mama wa pale walitununulia kilichobaki kwa bei ya chini, kwa sababu walijua hatuna pa kukipeleka.

Tajiri alipopata habari hakuuliza watu wamefikaje. Aliuliza ndoo ngapi zilimwagwa. Alikadiria thamani yake kwa bei ya Kigoma mjini, akaikata kwenye fungu letu, na giza lililofuata kipe kikawa na nahodha mwingine. Huyu mpya alijulikana kwa kutorudi nyuma. Mimi niliondoka mwaka ule ule. Nilikuja kukaa kwenye nyavu hizi, na sikujuta.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia vijana wasiende. Kuna dhoruba za radi wakati wa masika. Kuna majambazi wenye silaha wanaovamia vipe usiku na kung'oa injini, jambo ambalo polisi na wavuvi wa nchi zote nne wanalijua. Kuna vikohozi vya wazee wetu. Na mali yenyewe haiji kama zamani. Mwaka 2024 Serikali ililifunga ziwa upande wetu kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Tuliumia. Mimi sikupata wavu wa kushona, na mke wangu, ambaye anaanika dagaa kwenye chanja Katonga, alibaki na chanja tupu. Hata hivyo uamuzi ule nauunga mkono, maana kulipumzisha ziwa ni jambo ambalo mtu wa nchi kavu anaweza kuliamua, tena kwa kuwatazama walio wengi. Lakini kurudi au kutorudi, kumwaga au kutomwaga, usiku fulani, wimbi fulani, hilo halina mtu wa nchi kavu wa kuliamua. Na siku hizi ni vibaya zaidi, kwa sababu mtandao unashika hadi mbali. Tajiri anapiga simu saa tisa za usiku akiwa kitandani, anauliza mmepata nini, anasema ongezeni mtego mmoja.

Nimeandika hadi hapa, na lazima niseme ukweli kuhusu kilichonipata wakati naandika. Nilipofika kwenye habari ya dagaa kuruka niliiweka kalamu chini nikatoka nje kidogo. Nikajua sikumkatalia mwanangu kwa sababu ya mawimbi. Mawimbi yana mwenyewe wa kuyasoma. Nilimkatalia kwa sababu ya yule aliyehesabu ndoo. Na yule mzee wa Mwamgongo, aliyenifundisha kungoja wakati mikono yote iko kwenye kamba, sioni darasa ambalo lingenifundisha vile, wala kazi nyingine hapa mjini ambayo ingenikutanisha naye. Mnauliza kama usiku unalipa. Mimi ulinilipa. Ulinilipa kabla hata samaki hawajapimwa.

Basi jibu langu linabadilika, ingawa si kwa moyo mkunjufu. Aende, kwa masharti. Jaketi la kujiokolea avae tangu ufukweni, asilikalie kama mto. Kuanzia Juni hadi kusi ikatike kabisa akae hapa na mimi, ashone nyavu, kwa sababu kijana asiyejua kushona wavu hajui anachokivuta. Kila jioni wasikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wakiambiwa upepo mkali wasitoke, hata wenzao wakitoka. Na shemeji yangu, mwenye kipe, nitakwenda kwake mwenyewe Ijumaa nimwombe mbele ya nahodha wake atamke kwa mdomo wake kwamba ndoo zikimwagwa hakuna atakayekatwa. Akishindwa kutamka, mwanangu hatapanda, na undugu wetu hautanizuia.

Sisemi kila kijana aende. Wa kwangu anajua kuogelea, ana mjomba, na ana baba aliyewahi kuinama juu ya taa. Asiye na hata kimoja kati ya hivyo, na ametoka bara juzi kutafuta maisha, akachukuliwa ufukweni na tajiri asiyemjua, kwake jibu langu la kwanza linabaki pale pale. Mama yake kijana wangu naye bado hajakubali. Anasema atamsikiliza kaka yake kwanza.