Maswali ya Wasomaji: Seli shina na ugonjwa wa MS

Mdogo wangu yuko Uingereza na anaugua maltipo sklerosisi, ile MS. Ameambiwa huenda akaingizwa kwenye jaribio la kupandikiziwa seli shina. Nilidhani seli hizo huenda kuziba palipoharibika ubongoni, lakini yeye anakataa. Zinafanya nini basi? – Mama Salma, Unguja

Mdogo wako yuko sahihi kulikataa wazo hilo, Mama Salma. Kinachopiga ugonjwa hapa ni kemotherapia. Seli shina, yaani seli changa za uboho zinazozaa chembe za damu, zipo kwa ajili ya kumwokoa mgonjwa na kemotherapia hiyo.

Mwenye MS hushambuliwa na kinga yake mwenyewe. Inatafuna mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva ubongoni na kwenye uti wa mgongo. Matibabu haya huifagia kinga hiyo, kisha huuacha uboho uzalishe nyingine kutokana na seli shina za mgonjwa mwenyewe. Seli za mtu mwingine hazitumiki.

Kazi huanza kwa kuvuna. Katika njia inayotumika sana mgonjwa hupewa siklofosfamaidi, dawa ya kemotherapia, gramu 2 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, halafu sindano za filgrastimu kila siku ili seli shina zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini filgrastimu peke yake isitoshe. Kwa sababu filgrastimu inaweza kuuamsha ugonjwa, na siklofosfamaidi huutuliza. Kama siku ya 10 hivi mashine huchuja damu kwa saa kadhaa. Zinahitajika angalau seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito, nazo hugandishwa.

Baada ya wiki kadhaa mgonjwa hulazwa. Hupata siklofosfamaidi miligramu 50 kwa kilo kwa siku, siku 4 mfululizo. Mwenye kilo 60 hupata gramu 3 kila siku, jumla gramu 12. Kibofu kinaweza kuvuja damu kwa dozi hiyo, ndiyo maana hupewa maji mengi ya dripu pamoja na mesna, dawa ya kukilinda kibofu. Huongezwa ATG, kingamwili zinazotengenezwa kwa kutumia sungura, ambazo huleta homa na mitetemo. Homa humfanya mwenye MS ajisikie kama ugonjwa umerudi: miguu huwa mizito, macho hufifia. Hali hiyo hupita joto likishuka, na steroidi hutolewa kuipunguza.

Kurudisha seli ni kazi ya dakika chache tu kwenye dripu. Dawa iliyozilinda kwenye baridi hutoka kwa pumzi, na chumba hunuka kama kitunguu saumu. Kipindi kibaya ni siku kama 10 zinazofuata, chembe nyeupe zikiwa karibu na sifuri. Uboho ungeamka hata bila seli zile, lakini ungechelewa, na kila siku ya kuchelewa ni mlango wa maambukizi. Joto likifika nyuzi 38, antibiotiki huanza saa hiyo hiyo bila kusubiri majibu ya maabara.

Kama inafaa hivyo, bado wanajaribu nini? – Juma, Mombasa

Wanajaribu kujua kama inazishinda dawa bora za leo. Matokeo ya MIST, jaribio lililowahusisha wagonjwa 110 katika vituo vya Chicago, Sheffield, Uppsala na São Paulo, yalitolewa mwaka 2019. Ulemavu uliongezeka kwa wagonjwa 3 waliopandikizwa, dhidi ya 34 waliobaki na dawa. Hakuna aliyekufa. Tofauti ni kubwa, ila kundi la dawa halikupewa okrelizumabu wala alemtuzumabu, ambazo ni kali zaidi. Mshindi alipewa mpinzani dhaifu, kwa maoni yetu. Ndiyo sababu ya STAR-MS huko Uingereza, BEAT-MS Marekani na RAM-MS Norwei, ambako upandikizaji unapimwa dhidi ya dawa za nguvu.

Mgonjwa hachagui kundi. Kompyuta ndiyo inayopiga kura. Hawezi pia kufichwa yuko kundi gani, maana nywele zitamtoka. Anayefichwa ni daktari anayepima mwendo na nguvu zake.

Wanaonufaika zaidi ni wale ambao ugonjwa wao bado unawaka: mashambulio ya karibuni licha ya dawa, madoa mapya kwenye picha za MRI za ubongo, na bado wanatembea. Aliye kwenye kiti cha magurudumu kwa miaka mingi bila shambulio jipya hana moto wa kuzimwa. Nyuzi zilizokwisha kufa hazifufuki, naye atabeba hatari yote ya kemotherapia bure.

Kliniki moja ng'ambo inatuuzia sindano za seli za kitovu, bila kemotherapia, wakisema ni matibabu yale yale. – Msomaji, Nairobi

Si yale yale. Hizo kwa kawaida ni seli za mesenkaima, aina nyingine ya seli shina, zisizozaa chembe za damu. Jaribio la MESEMS lilitumia seli za aina hiyo, kutoka kwenye uboho wa mgonjwa mwenyewe, kwa watu 144; mwaka 2021 lilionyesha kwamba hazikupunguza madoa mapya ya MRI. Tena jaribio la kweli halimuuzii mgonjwa dawa inayochunguzwa. Lina namba ya usajili, kibali cha kamati ya maadili, na kundi la kulinganishia. Waombeni hivyo vitatu kabla ya kutuma hata shilingi.

Mimi tena. Ana miaka 29 na hajazaa. Na utotoni aliishi na bibi aliyekuwa na kifua kikuu. – Mama Salma

Yote mawili ayaseme sasa. Kifua kikuu kilicholala huamka kinga ikifagiwa, kwa hiyo apimwe, pamoja na homa ya ini B na VVU. Kuhusu uzazi, dawa hizi zinaweza kukatisha hedhi kabisa. Mayai yagandishwe kabla ya ile siklofosfamaidi ya kuvunia, si kabla ya kulazwa, kwa sababu hiyo ya kwanza nayo hudhuru.