Maswali ya Wasomaji: Nguvu na Madaha Kwenye Fito Mbili

SWALI: Nilimtazama Kaylia Nemour wa Algeria akishinda dhahabu Olimpiki ya Paris 2024 kwenye zile fito mbili za jimnastiki. Msichana mwembamba vile, nguvu za kujirusha anazitoa wapi? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Siku ile alipata 15.700, akawa mwanajimnastiki wa kwanza kuiletea nchi ya Afrika medali ya Olimpiki. Ukiirudia video, mwangalie kiunoni, usiangalie mikono. Ufito wa juu uko sentimita 250 kutoka sakafuni, wa chini 170. Anaposhuka kwenye mzunguko, kabla hajafika chini kabisa, kifua kinatangulia kidogo na miguu inabaki nyuma. Akishapita chini tu, tumbo linakaza na miguu inachapwa mbele. Ufito hupinda kwa uzito wake, kisha hunyooka na kumrusha juu. Nusu ya kazi ni kujua wakati. Nusu nyingine ni mabega, tumbo na vidole, maana pale chini viganja hubeba uzito wa mwili mara kadhaa. Akiachia mapema au akichelewa hata kidogo tu, ama ataukosa ufito, ama ataugonga.

SWALI: Mbona mtu asiyeanguka naye hukatwa pointi? *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Alama ni mbili zinazojumlishwa: ya ugumu, na ya utekelezaji inayoanzia 10. Madaha yanahesabiwa kwenye hii ya pili. Goti likikunjwa, miguu ikiachana au kidole cha mguu kisiponyooshwa, hukatwa 0.1, 0.3 au hata 0.5, kwa kadiri ya kosa. Akisimama kwa mikono juu ya ufito huku mwili umepita nyuzi 10 kutoka wima, tayari amepoteza. Kuanguka ni pointi nzima, na ana sekunde 30 za kurudi juu. Ndiyo maana ule wepesi unaotuvutia ni nguvu yenyewe: magoti hayanyooki hivyo kwa mtu aliyechoka.

SWALI: Binti yangu ana miaka 9, ameanza mazoezi. Nimnunulie vile vikinga viganja vya ngozi? *Mama wa Mombasa*

JIBU: Bado, mama. Kwanza ashike kwa mikono mitupu yenye poda ya magnesiamu, ngozi ikomae. Sugu zikinenepa, zisuguliwe kwa tupa laini zisije zikachanika. Vikinga vya wakubwa vina kijiti kidogo kwenye vidole kinachosaidia kung'ang'ania ufito. Ngozi ya vikinga hivyo hunyumbuka kadiri inavyotumika. Ikishalegea, huweza kujikunja kuuzunguka ufito na kujibana yenyewe: mkono unakwama huku mwili unaendelea kuzunguka, na mfupa huvunjika kati ya kiwiko na kiganja, au karibu na kifundo cha mkono. Muda wake ukifika, mwalimu ndiye apime saizi, na binti asiazime vya mwenzake kamwe. Kikionekana kimerefuka, kitupwe hata kama hakijachanika.