Kabla hujanunua tabo kubwa, soma ramani yake
Kuna kijana wa Nakuru kaniandikia wiki hii. Ana Subaru Forester ya lita 2, kabadilisha tabo (mashine inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani ya injini), na sasa akikanyaga mafuta kwa gia ya nne gari linatetemeka na kulia chu-chu-chu. Fundi kamwambia huo ndio mlio wa nguvu. Nilikasirika, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Yangu ilikuwa Impreza. Niliuziwa tabo yenye gurudumu kubwa la kompresa, upande unaosukuma hewa, lililounganishwa kwa shafti na turbini ndogo ya kiwandani, upande unaozungushwa na moshi. Nilipouliza ramani ya kompresa, yaani mchoro wa kiasi cha hewa na presha ambayo kompresa inaweza kusukuma, walinicheka dukani: gari haliendeshwi kwa makaratasi! Pesa walikuwa wameshapokea. Nikipanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori, gia ya nne, mizunguko ya injini kama 2,500 kwa dakika, mshale wa geji ya presha ulikuwa unachezacheza na gari linavuta kwa kushtukashtuka. Turbini ndogo inachangamka mapema, kompresa kubwa inasukuma, lakini kwa mizunguko hiyo injini haiwezi kumeza hewa yote. Hewa inarudi nyuma, inasukumwa tena, inarudi tena, na anayeumia ni beringi. Shafti ilipoanza kucheza nilirudi dukani, nikaambiwa naendesha vibaya. Hilo bado linaniuma.

Leo nina kompresa ndogo zaidi, turbini inayolingana nayo, na nyumba ya kompresa yenye mfereji wa kupunguzia hewa kuzunguka mdomo. Mlima ule ule napanda kimya, gari linavuta. Waliokuwa wananicheka sasa wananipigia simu kuuliza nimefunga nini.

Kwanza, sikiliza mlio unatokea lini. Ukitokea unapoachia mafuta, angalia valvu ya kuachia hewa: huenda imekufa au springi yake ni ngumu mno. Kwa Subaru zenye sensa ya kupima hewa, funga valvu inayorudisha hewa kwenye paipu ya kuingilia. Ukiimwaga nje, kompyuta inatia petroli ya hewa ambayo haipo tena. Ukitokea ukiwa umekanyaga mafuta, valvu haikusaidii kitu. Hapo kompresa na injini havilingani. Mpaka upate tabo nyingine, shusha gia kabla ya kukanyaga na mwambie fundi apunguze presha kwenye mizunguko ya chini.

Pili, kwenye ramani tazama mstari wa kushoto. Kushoto kwake ndiko hewa inakorudi. Na piga hesabu ya mahali unapoishi. Geji inaonyesha presha iliyoongezwa juu ya ile ya hewa ya nje. Ikisoma baa 1, Mombasa, ambako hewa ya nje ni kama baa 1, kompresa inazidisha presha mara 2. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, presha ya hewa yetu ni kama baa 0.82, kwa hiyo inazidisha mara 2.2. Ukisoma ramani kwa hesabu ya pwani, umesoma gari la mtu mwingine.

Tatu, kompresa na turbini vinunuliwe kama jozi. Nimeshasema, narudia: jozi.

Vijana wenzangu, gari la barabarani muda mwingi liko kati ya mizunguko 2,000 na 4,000. Acheni kununua tabo ya kupigia picha. Kampuni kama Garrett zinachapisha ramani zao bure, kila mtu anaziona. Muuzaji akishindwa kukuonyesha ya tabo anayokuuzia, usitoe hata shilingi.