Mimi ndiye mweka hazina anayesoma majina: jibu kwa kijana aliyeacha kwenda jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo wakuu.

Mleta mada, uzi wako niliusoma mara mbili jana usiku, na leo nimeusoma tena dukani wateja walipopungua. Umesema una miaka 27, kazi ya ghalani imeisha tangu Februari, jumuiya umeacha kwenda kwa kuwa huna mchango, na dada yako anakupigia kila Jumapili jioni lakini unaiacha simu iite mpaka ikatike, maana unajua atataka kukutumia hela. Halafu ukauliza: mtu anaupokeaje upendo wa Mungu ambao hausikii ndani yake, na atawapa nini wenzake ilhali mwenyewe hana kitu?

Waliotangulia wamekujibu kwa mistari, na mingine mizuri. Mmoja kakushauri ufunge siku tatu. Sina ugomvi na kufunga, ila mtu anayekula mlo mmoja kwa siku naona keshafunga vya kutosha. Mwingine kakurushia ule wa Wathesalonike, asiyefanya kazi na asile. Mkuu, rudi ukausome vizuri, ni barua ya pili, sura ya 3 mstari wa 10. Paulo kaandika "mtu hataki kufanya kazi". Hataki. Huyu kijana anatafuta kila siku, hiyo barua haikuandikwa kwa ajili yake.

Jibu langu ni refu na linanigusa mwenyewe pabaya, kwa sababu mimi ndiye yule mtu unayemkimbia. Mimi ndiye ninayesoma majina.

Nimekuwa mweka hazina wa jumuiya yetu huku Mbagala kwa miaka tisa. Kwa wasio Wakatoliki: jumuiya ndogo ndogo ni kaya chache za majirani, tunakutana Jumamosi alfajiri kabla watu hawajatawanyika kwenda kutafuta riziki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tunasoma Injili, tunashirikishana, tunasali, tunaulizana nani anaumwa. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuziweka jumuiya hizi mbele katika uchungaji wao, walitaka Kanisa lifike mpaka uani kwa mtu, jirani amjue jirani. Sidhani kama walikuwa wanaliwazia daftari langu.

Daftari lilikuwa na mistari mingi: zaka, tegemeza parokia, ujenzi, mfuko wa misiba, sare za kwaya, na kile ambacho hakikosekani, "mchango wa dharura". Sala ikiisha nilisimama nikasoma. Fulani kamaliza. Fulani nusu. Fulani bado. Hiyo "bado" nilikuwa naivuta kidogo, nakiri.

Kulikuwa na mama mmoja anayeuza mkaa kwa kopo, nyumba ya nne kutoka kwangu. Yeye alikuwa "bado" karibu kila mwezi. Jumamosi moja nikatania mbele ya watu kwamba mkaa wa mama huyu hata vumbi lake lina bei, iweje Mungu ndiye akopwe. Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nikamwandika mtoro.

Msinielewe vibaya, nilikuwa mtoaji. Duka langu la vifaa vya ujenzi lilikuwa linakwenda, na kanisani kuna mabati na mifuko ya saruji niliyoitoa kwa moyo. Ungeniuliza wakati ule kama nawapenda watu ningekuonyesha risiti.

Kuna mwaka niliteuliwa kuwa miongoni mwa wale kumi na wawili wanaooshwa miguu Alhamisi Kuu. Basi nyumbani nilisugua visigino kwa jiwe, nikakata kucha, nikapaka mafuta, nikavaa soksi mpya ili vumbi la njiani lisije kuniaibisha mbele ya padre. Padre akaja na jagi na beseni, akamimina kidogo, akafuta kwa taulo. Nadhani miguu yangu siku hiyo ilikuwa safi kuliko yale maji. Picha ikapigwa, nikaiweka WhatsApp.

Novemba 2021, saa moja jioni, navuka Barabara ya Kilwa, bodaboda ikanikumba. Dereva hakusimama. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti, wa kushoto kifundo kikateguka. Wiki tatu hospitali, kisha nikarudishwa nyumbani na hogo mpaka pajani, miezi mitatu na nusu kitandani. (Yule dereva sijamjua mpaka leo. Wapo watakaouliza kama nimemsamehe. Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine namwombea huku nimeuma meno. Nimeambiwa na padre kwenye kitubio kwamba niendelee hivyo hivyo na meno yangu.)

Pale kitandani ndipo nilipogundua kwamba kupokea sikujui kabisa. Mtu akileta machungwa, namnong'oneza mke wangu ampe "nauli". Jumuiya ikaja na bahasha, elfu themanini na saba, na mimi badala ya kushukuru nikaanza kukokotoa kichwani nani ametoa ngapi na nitamrudishia lini, isije ikasemwa kwamba mtu wa mabati kawa ombaomba. Niliona ni ustaarabu. Kilikuwa kiburi, ila kilikuwa kimeoga na kuvaa shati jeupe.

Mama wa mkaa akaanza kuja. Saa kumi na mbili asubuhi, chupa ya uji wa ulezi, anaikabidhi mlangoni, anaondoka kwenda kupokea magunia yake. Siku ya kwanza nilijifanya nimelala. Siku ya tatu nikamwambia mke wangu, "Mwambie asihangaike, uji tunao." Mke wangu si msemaji. Akanijibu, "Uji tunao. Unayemkataa ni yeye."

Nikanywa. Lakini tabia haiishi siku moja. Nikamtuma mwanangu ampelekee elfu tano. Mtoto akarudi nayo hivyo hivyo mkononi: "Amesema nikwambie mkaa wake una bei, uji hauna."

Kumbe utani wangu ulikuwa bado uko kwake.

Sasa ilikuja Jumamosi moja, mke wangu yuko dukani, watoto wameenda mafundisho. Ule mguu wa kushoto ulikuwa nje, umevimba, ngozi imekuwa magamba, na harufu, tusidanganyane, ipo. Mama wa mkaa kaja kuchukua chupa yake, akauona. Hakuuliza. Akatafuta beseni, akachemsha maji, akaja nayo. Nikaanza: hapana mama, acha, usifanye hivyo, wataniosha jioni. Nilikuwa nakaribia kupiga kelele. Na katikati ya kusema nikasikia maneno ya Petro yakitoka mdomoni mwangu mwenyewe, yale ya Yohana 13, Yesu alipotaka kumwosha miguu: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Nimeyasikia kila Alhamisi Kuu tangu nikiwa mtoto, na siku zote nikidhani Petro anaonyesha heshima.

Alinawisha taratibu, kidole kwa kidole. Mikono ya muuza mkaa mnaijua, weusi unaingia kwenye mikunjo na hautoki hata kwa sabuni. Maji yakawa meusi. Sijui ulikuwa uchafu wa miguu yangu au wa mikono yake. Nililia. Yeye akajifanya haoni, akawa ananisimulia jinsi gunia lilivyopanda bei.

Nimelifikiria sana lile neno. Biblia yetu ya Union ya mwaka 1952 inatumia "kutawadha", neno ambalo jirani yangu Mwislamu analitumia kila siku kabla ya swala. Jirani yangu hutawadha mwenyewe. Petro anaambiwa akae, atawadhwe na mwingine. Na Bwana hamlazimishi kwa upole, anamwambia wazi: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Hakumwambia kama hutawasaidia maskini, au kama hutatoa zaka. Sharti la kwanza la shirika lilikuwa kuacha miguu ishikwe jinsi ilivyo. Kuwaosha wengine limekuja mistari kadhaa baadaye, baada ya Bwana kuvaa mavazi yake na kuketi tena. Mimi miaka yote nilianzia kwenye mistari ya baadaye.

Ndiyo maana nakuambia, mdogo wangu, usisubiri joto kifuani. Kuna watu hulisikia na siwapingi, ila mimi sikulisikia. Upendo wa Mungu ulikuja kwangu na chupa ya uji, nikataka kuulipa nauli. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi", maana yake hakutungoja tusugue visigino kwanza. Na wewe unasema huusikii. Mimi naona unakuita kila Jumapili jioni, na unauacha uite mpaka ukatike.

Sisemi dada yako ni Mungu. Nasema Mungu ana mazoea ya kupitia kwa watu, mara nyingi wale ambao hatutaki kuonekana kwao tumepungukiwa. Na Yesu mwenyewe hakuona aibu kupokea. Luka 8 inataja wanawake waliomhudumia kwa mali zao. Kisimani Samaria alianza kwa kuomba, "Nipe maji ninywe", akimwomba mwanamke ambaye hakutegemewa hata kusalimiwa naye. Na kituo cha tano cha Njia ya Msalaba nimekipigia magoti miaka arobaini bila kuona kilichopo pale: Simoni wa Kirene anamsaidia kuubeba. Mwana wa Mungu alikubali kusaidiwa mzigo, mimi nakataa uji.

Swali lako la pili, utawapa nini wenzako huna kitu. Hapa sina hotuba ndefu. Nilipoweza kusimama na magongo nilikwenda kwa mama wa mkaa kumwomba radhi kwa ule utani. Akasema yalishapita. Kwenye jumuiya hakurudi palepale, ilichukua miezi, na hata sasa kuna Jumamosi anakosa. Hana deni la kurudi ili mimi nijisikie nimesamehewa. Kwenye kikao nikasema majina sitasoma tena, kila mtu nitamwonyesha ukurasa wake peke yake. Mwenyekiti alipinga, akasema makusanyo yatashuka. Alisema kweli. Yalishuka, mpaka leo hayajarudi yalipokuwa, na kwenye vikao vya kanda naulizwa kila mara. Badala ya "mtoro" siku hizi naandika "tumtembelee", na tunakwenda wawili wawili. Katika kutembelea tumemkuta mzee ambaye alikuwa haji kwa sababu macho yameisha na aliona aibu kushikwa mkono njiani. Mwingine alikuwa na mgonjwa ndani mwaka mzima, na sisi tunamdai hela ya sare.

Yule mzee anasomewa Injili na kijana wa rika lako, naye hana kazi. Anamfuata Jumapili, wanakwenda misa polepole, wakirudi anapewa chai na chapati. Hana shilingi, na kwenye daftari langu ukurasa wake una sifuri nyingi, lakini mzee akimsikia mlangoni anakaa sawa kwenye kiti. Wewe una masaa. Una miguu mizima, na siku hizi mimi miguu mizima naiheshimu sana.

Ila nikuonye jambo. Wapo watakaokuona huna kazi wakakugeuza mtu wa kutumwa: kabebe viti, kapange maturubai, kalinde magari, siku nzima, kwa jina la upendo. Kataa bila kuona haya. Kupenda watu hakukuzuii kusema "leo nakwenda kutafuta kazi".

Kuhusu sala, umesema ukisali unaona unaongea na dari. Mimi pale kitandani sala zangu za rozari zilikuwa zinaishia fumbo la pili, usingizi unanichukua. Sikuacha, na sikupata maono. Nilichofanya tofauti ni kwamba kila chupa ya uji ikija nilikuwa nasema "asante Bwana" kabla ya kufungua kifuniko, hata siku ambazo uji wenyewe ulikuwa na sukari nyingi mno.

Leo Ijumaa. Keshokutwa dada yako atapiga. Pokea, na akisema anatuma, usimwambie "usijali, niko sawa". Mwambie hali ilivyo.

Na kama unaishi upande huu wa Mbagala, nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze. Kesho tunasali kwa mama wa mkaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Daftari nitaliacha nyumbani. Uje na kiti chako lakini, vyake havitoshi.